Kitufe cha Theluji Mashuuru: Modi za Uendeshaji na Mwitiko wa Gari

1.0 Utangulizi

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa nyanda za Kajiado huweza kuiona theluji ya Mlima Kilimanjaro ikimeta upande wa kusini. Huko ndiko theluji iliko, wala haiteremki hadi Mashuuru. Hata hivyo, magari mengi yanayoingia Mashuuru kutoka Kitengela na Kajiado yana kitufe kilichoandikwa SNOW, yaani theluji. Kando yake aghalabu huwepo kingine kilichoandikwa PWR, ambacho ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya nguvu. Dereva akiulizwa vitufe hivyo vina kazi gani hujibu bila kusita: cha kwanza hakituhusu, cha pili huongeza nguvu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba majibu yote mawili si sahihi, na kwamba kosa hilo lina gharama kwa wasafiri.

Msukumo wa kuyaandika ulitokana na safari moja. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, na mwandishi wa makala haya alikuwa abiria katika gari dogo la kukodi lililotoka ndani ya Mashuuru likielekea mjini Kajiado. Miongoni mwa abiria alikuwemo mama aliyempakata mtoto mwenye homa kali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika mahali ambapo udongo mweusi ulikuwa umelowa, dereva alibonyeza PWR, akakanyaga mafuta kwa nguvu. Magurudumu yalizunguka pale pale, tope likaruka hadi madirishani, na gari likazama. Abiria wakapaza sauti, "Ongeza! Ongeza!" Naye akaongeza, gari likazidi kudidimia.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama, akatazama kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, zima hiyo nguvu. Gari limekwisha kujichimbia kaburi, usilisaidie kujifukia." Tulishuka. Tulichimba, tukatandika matawi, tukasukuma. Dereva alikubali, shingo upande, kukibonyeza kile kitufe cha theluji na kukanyaga mafuta polepole. Gari lilitoka kwa mwendo wa kobe. Saa nzima na robo ilikuwa imepotea, na yule mama hakusema neno hadi tulipofika hospitalini.

Sote tuliokuwa mle garini, nami mwanafunzi wa lugha nikiwemo, tulilisoma neno PWR na kudhani kwamba tumelielewa. Kweli neno tulilielewa; jambo lenyewe hatukulielewa. Ndiyo sababu suala hili, ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la mafundi pekee, linastahili kujadiliwa katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili.

2.0 Dhana ya Modi ya Uendeshaji

Ni vyema kuanza na istilahi. Kitenzi kuendesha ni mnyambuliko wa kitenzi kwenda katika kauli ya kutendesha. Gari ndilo linalokwenda. Dereva ndiye anayelifanya liende. Kati ya wawili hao pana vyombo vinavyopeleka amri ya dereva hadi kwenye magurudumu. Lugha yetu imekwisha kuvipa vyombo hivyo majina kwa njia mbalimbali. Usukani ulitoka baharini, kwenye majahazi, ukahamia nchi kavu. Gia, breki, klachi na tairi zilitoholewa kutoka Kiingereza. Kanyagio la mafuta limetokana na tendo lenyewe la kukanyaga.

Kwa madhumuni ya makala haya, modi ya uendeshaji ni seti ya maagizo yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya gari, ambayo dereva huichagua kwa kitufe au swichi ili kubadilisha namna gari linavyoitikia amri zake. Huenda msomaji akauliza kwa nini tusitumie neno hali, ambalo tunalo tayari. Tatizo ni kwamba hali ya gari, katika mazungumzo ya kila siku, ni uzima au ubovu wake. Anayesema kwamba amebadilisha hali ya gari lake huenda akaeleweka kuwa amelipeleka gereji. Kwa hiyo neno modi, ingawa ni geni, linatuepusha na utata.

Msomaji wa isimujamii anaweza kuielewa dhana hii kwa kuilinganisha na rejista. Mhadhiri anapotoka katika ukumbi wa mihadhara na kwenda sokoni Kitengela kununua nyanya, haongezi wala hapunguzi Kiswahili anachokijua. Anachobadilisha ni uteuzi wa maneno, kasi ya usemi na kiwango cha urasmi, kulingana na mahali na msikilizaji. Injini nayo, katika magari mengi, ni ile ile katika modi zote. Kinachobadilika ni namna uwezo wake unavyotolewa: mapema au baadaye, kwa ukali au kwa upole. Na kama ilivyo katika lugha, rejista sahihi mahali pasipofaa huleta mgogoro.

3.0 Njia ya Amri kutoka Mguuni hadi Gurudumuni

Katika magari ya zamani, kanyagio la mafuta liliunganishwa na injini kwa kebo ya chuma. Dereva alipokanyaga, kebo ilivuta na kufungua mlango unaoingiza hewa katika injini. Uhusiano kati ya mguu na mlango ule ulikuwa wa moja kwa moja, na dereva hakuwa na namna ya kuubadilisha akiwa barabarani.

Katika magari mengi ya sasa kebo hiyo haipo. Chini ya kanyagio pana kihisi, ambacho mafundi hukiita sensa, kinachopima jinsi mguu ulivyoshuka. Kipimo hicho hupelekwa kwa kompyuta kwa njia ya umeme, nayo kompyuta huamrisha mota ndogo ifungue mlango wa hewa kwa kiasi fulani. Neno la kuzingatia hapa ni kiasi. Kompyuta hailazimiki kufungua mlango sawasawa na mguu ulivyoshuka. Hutazama kwanza modi iliyochaguliwa.

Hebu tuchukue mfano, tarakimu zake zikiwa za kufafanulia tu. Tuseme dereva amelishusha kanyagio kwa robo ya safari yake. Katika modi ya uchumi, inayoandikwa ECO, kompyuta inaweza kuufungua mlango wa hewa kwa asilimia 15. Katika modi ya kawaida ikaufungua kwa asilimia 25. Katika modi ya PWR, au ile inayoitwa SPORT katika magari mengine, ikaufungua kwa asilimia 40. Mguu ni ule ule, lakini gari moja hujikokota na jingine huchupa. Dereva huhisi kwamba nguvu zimeongezeka. Hata hivyo, akilikanyaga kanyagio hadi sakafuni, mlango hufunguka wote katika modi zote tatu, na nguvu ya juu kabisa huwa ile ile. Kilichobadilika ni mwitiko.

Kanuni hii haikosi vighairi. Mfumo wa Subaru unaoitwa SI-Drive, ambao ulianza kuuzwa katika gari aina ya Legacy mwaka wa 2006 na baadaye ukaingia katika aina nyingine za kampuni hiyo, una modi tatu. Ile ya upole zaidi, inayowakilishwa na herufi I, huzuia injini kutoa nguvu zake zote. Hapo dereva anayehamia modi ya S# hupata kweli nguvu ambazo hakuwa nazo. Lakini hata hapo kitufe hakikuziumba nguvu hizo. Kiliziachilia tu zile zilizokuwa zimefungiwa.

Chombo cha pili kinachoguswa na modi ni giaboksi. Katika gari lisilo na klachi, kompyuta ndiyo inayoamua ni lini gia ibadilishwe. Katika modi ya uchumi hupandisha gia mapema, ili injini izunguke polepole na kutumia mafuta machache. Katika modi ya PWR hucheleweshwa, injini ikaachwa izunguke kwa kasi zaidi kabla ya gia kupanda. Mbinu hii si ngeni. Magari ya Toyota yenye giaboksi inayodhibitiwa kwa elektroniki yamekuwa na chaguo la kawaida na la nguvu tangu miaka ya 1980. Katika giaboksi zisizo na hatua maalumu za gia, ambazo zimeenea katika magari madogo ya Kijapani, modi ya SPORT huiweka injini katika mizunguko ya juu ili iwe tayari kuitika.

Usukani unaosaidiwa na mota ya umeme unaweza kufanywa mzito au mwepesi. Uzito huo humpa dereva hisia ya uthabiti, lakini hauongezi mshiko wa tairi barabarani. Magari machache ya bei ya juu yana shokomzoba zinazoweza kukazwa au kulegezwa kwa kitufe. Zikikazwa, gari huinama kidogo zaidi katika kona, na abiria huhisi kila shimo. Baadhi ya magari hata hukuza mngurumo wa injini kwa kutumia spika zilizo ndani. Sikio husikia ukali, moyo ukaamini kasi, ilhali mshale wa mwendo umebaki pale pale.

4.0 Modi za Lami: Kitengela hadi Kajiado

Ili kuelewa ni kwa nini vitufe hivi havieleweki, hatuna budi kukumbuka vinakotoka. Magari mengi ya watu binafsi nchini Kenya huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kiwango cha Shirika la Viwango la Kenya, KS 1515:2000, hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo teknolojia ya Japani hutufikia Kitengela baada ya miaka michache tu. Kijitabu cha maelezo, kikiwepo, huwa kwa Kijapani. Kuna hata magari ambayo, dereva awashapo injini, sauti ya kike humsemesha kwa Kijapani kila asubuhi, naye hajui kama anaamkiwa au anaonywa. Hivyo maarifa ya kulitumia gari hupatikana kwa kubahatisha, kwa kuuliza fundi, au kwa kufasiri herufi tatu za Kiingereza zilizoandikwa kwenye kitufe.

Katika msongamano wa magari mjini Kitengela, modi ya uchumi ndiyo inayofaa. Mwitiko wake wa upole hupunguza mishtuko ya kwenda na kusimama, na katika baadhi ya magari hupunguza pia kazi ya kipoza hewa. Hata hivyo, akiba haitoki katika kitufe peke yake. Dereva anayeona gari limekuwa zito, kisha akakanyaga zaidi ili kufidia uzito huo, huirudisha injini pale pale alipotaka kuiondoa. Modi ya uchumi ni ushauri. Mguu ndio unaoukubali au kuukataa.

Kutoka Isinya hadi Kajiado, katika barabara kuu iendayo Namanga, mambo hubadilika. Hapa dereva hukutana na malori marefu na hutamani kuyapita. Akibonyeza PWR au SPORT kabla ya kuanza kupita, giaboksi huwa imeshuka gia na injini huwa tayari, kwa hiyo mwitiko huja mapema kidogo. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini dereva anayelikanyaga kanyagio hadi mwisho katika modi ya kawaida hupata matokeo yanayokaribiana na hayo baada ya muda mfupi sana, kwa sababu giaboksi hushusha gia yenyewe. Kama nafasi ya kupita haikutosha bila kitufe, haifai kuaminiwa kwamba inatosha kwa sababu ya kitufe.

Isitoshe, kuna jambo ambalo hakuna modi inayoweza kulitengua, nalo ni mwinuko wa nchi. Mji wa Kajiado uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na mtambo wa kusukumiza hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Hivyo gari linapofika Kajiado huwa limepoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu lililokuwa nazo pwani. Modi ya PWR haiwezi kuirudisha hewa iliyokosekana. Huufungua mlango mapema tu, nayo hewa inayopita mlangoni ni ile ile nyepesi.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba modi ya PWR hubadilisha jinsi gari linavyoondoka, bila kubadilisha jinsi linavyosimama. Sheria ya Kenya huruhusu magari madogo ya binafsi kwenda hadi kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu isiyo na njia mbili zilizotenganishwa, na magari ya abiria kilomita 80. Tofauti hiyo ya 20 huonekana ndogo. Lakini nishati ya gari lililo mwendoni huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Tuseme breki zinahitaji mita 40 kulisimamisha gari lililokuwa likienda kilomita 80 kwa saa. Breki hizo hizo, katika barabara ile ile, zitahitaji zaidi ya mita 62 kulisimamisha likienda kilomita 100, mbali na umbali linaousafiri kabla ya mguu kufika kwenye breki. Kajiado ni nchi ya wafugaji, na kundi la ng'ombe linalovuka barabara jioni halijui gari liko katika modi gani.

5.0 Modi za Ardhi: Mashuuru

Mashuuru na Kitengela zimo katika eneo bunge moja, Kajiado Mashariki, lakini ardhi na njia zake hazifanani. Njia nyingi za ndani, ziingiazo katika maboma na masoko, ni za udongo. Msafiri anaweza kukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, changarawe, na mchanga wa makorongo ambayo huwa na maji wakati wa mvua tu. Kila ardhi ina sharti lake, na hapa ndipo uteuzi wa modi huweza kuamua kama safari itafika.

5.1 Matope

Udongo mweusi wa mfinyanzi hunyonya maji na kuvimba. Ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa huteleza na kunata kwa wakati mmoja. Huingia katika mifereji ya tairi na kuijaza, hata tairi likawa laini kama chungu kilichopakwa mafuta. Katika ardhi kama hiyo gurudumu linaweza kupokea nguvu ndogo tu kabla ya kuanza kuteleza, na likishaanza kuteleza, mshiko hupungua zaidi. Dereva aliyebonyeza PWR hupeleka nguvu nyingi kwa ghafla katika gurudumu lisiloweza kuzipokea. Matokeo yake ni yale tuliyoyaona siku ile: gurudumu huzunguka, huchimba, na gari huzama.

Kitufe cha SNOW hufanya kinyume cha hayo. Katika magari mengi yenye kitufe hicho, gari huanza safari kwa gia ya pili badala ya ya kwanza, na kanyagio hufanywa kuwa na mwitiko wa polepole. Gia ya pili hupunguza nguvu ya kuzungusha gurudumu, hivyo gurudumu huwa na nafasi nzuri ya kushika kabla ya kuteleza. Wahandisi wa Kijapani walikibuni kwa ajili ya majira yao ya baridi. Lakini gurudumu halijui tofauti kati ya theluji na tope. Linachokijua ni kiasi cha mshiko. Kwa maana hiyo, kitufe ambacho madereva wengi wa Mashuuru wanakipuuza kwa sababu ya jina lake ndicho kinachowafaa zaidi wakati wa masika. Sharti ni kukitumia mapema, kabla ya magurudumu kuzama. Gari likishazama, koleo na matawi ndiyo dawa, na kitufe huwa msaidizi tu.

5.2 Mchanga

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba upole hufaa kila mahali. Mchanga mkavu wa korongo huzuia gurudumu lisibingirike, na gari likipoteza mwendo hapo ni vigumu kulianzisha tena. Dereva anahitaji mwendo wa wastani usiokatizwa. Modi ya SNOW inaweza kumponza kwa sababu huidhoofisha injini wakati anapoihitaji. Vilevile, mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, ambao hupunguza nguvu za injini kila gurudumu linapozunguka ovyo, unaweza kulinyima gari mwendo katikati ya mchanga. Ndiyo maana magari mengi yana kitufe cha kuuzima.

Watengenezaji wa magari ya nyikani walilitambua jambo hili. Mwaka wa 2004 Land Rover ilizindua gari aina ya Discovery 3 likiwa na mfumo unaomwezesha dereva kuchagua aina ya ardhi kwa kuzungusha swichi moja: ardhi ya kawaida, nyasi na changarawe na theluji, matope, mchanga, au miamba. Katika modi ya mchanga, mfumo huo huruhusu magurudumu kuzunguka zaidi. Katika ile ya nyasi na theluji huyabana. Utaona kwamba watengenezaji waliiweka theluji pamoja na nyasi na changarawe. Waliainisha ardhi kwa kigezo cha mshiko wake, bila kujali rangi wala baridi.

5.3 Magurudumu manne

Kuna pia modi zinazobadilisha idadi ya magurudumu yanayopokea nguvu. Nissan X-Trail, gari lililozoeleka sana nchini, ina matoleo yenye chaguo tatu: 2WD, ambapo magurudumu ya mbele pekee ndiyo hupokea nguvu, AUTO, ambapo kompyuta hupeleka nguvu nyuma inapohitajika, na LOCK, ambapo nguvu hugawanywa mbele na nyuma katika mwendo mdogo. LOCK hufaa kuwekwa kabla ya kuingia topeni, na mwendo ukiongezeka gari hujirejesha lenyewe katika AUTO.

Magari ya kazi kama Toyota Land Cruiser ya familia ya 70 hutumia mfumo mwingine. Dereva akiunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, zote mbili huzunguka kwa kasi moja. Katika tope hilo ni jema, kwa kuwa magurudumu yanaweza kuteleza kidogo. Katika lami kavu ni hatari, kwa sababu gari linapokata kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo isipopata pa kutokea hujikunja ndani ya vyuma. Usukani huwa mgumu, tairi hulika, na mwishowe gia huvunjika. Magari hayo yana pia gia ya chini, iandikwayo L, ambayo huzidisha nguvu ya kuzungusha magurudumu kwa takriban mara 2.5 huku ikipunguza mwendo kwa kiwango hicho hicho. Hii ndiyo modi inayostahili kweli kuitwa ya nguvu, maana hubadilisha meno yenyewe ya gia. Nayo, kwa kinaya, ndiyo iendayo polepole kuliko zote.

6.0 Mipaka ya Kitufe

Kutokana na maelezo haya, tunaweza kuyataja mambo ambayo hakuna modi inayoyatenda. Haiongezi mpira katika tairi lililokwisha. Haipunguzi uzito wa gari lililojazwa abiria kupita kiasi. Haipunguzi upepo wa tairi, jambo ambalo katika mchanga husaidia kuliko kitufe chochote, mradi upepo urejeshwe kabla ya kurudi katika lami. Aidha, haifupishi umbali wa kusimama. Katika changarawe, hata mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, ambao humsaidia dereva kuendelea kuuongoza usukani, unaweza kuurefusha umbali huo, kwa kuwa gurudumu haliruhusiwi kukusanya changarawe mbele yake.

Wanaisimu nao wana la kujifunza. Majina ya vitufe hivi yaliundwa kwa ajili ya mnunuzi wa Japani, aliye na theluji mlangoni na kijitabu mkononi. Yalipofika kwetu, tuliyatafsiri maneno tukaiacha kazi. Tukisema kitufe cha theluji, dereva wa Mashuuru atakipuuza. Tukisema kitufe cha nguvu, atakibonyeza topeni. Istilahi inayofuata neno la asili badala ya dhana ina kasoro hata kama tafsiri yake haina dosari. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba SNOW iitwe modi ya utelezi, kwa kuwa huko ndiko ifaako, iwe ni theluji au tope. PWR na SPORT ziitwe modi ya mwitiko wa haraka, ili dereva ajue kwamba kinachoongezeka ni wepesi wa kuitika. ECO iitwe modi ya akiba. Dereva asiyewahi kuona kijitabu chochote anaweza kukisia kwa usahihi matumizi ya kila moja kwa kusikia jina lake tu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba modi za uendeshaji hubadilisha makubaliano kati ya mguu wa dereva na magurudumu, kupitia mlango wa hewa, giaboksi, usukani na, katika magari machache, shokomzoba. Hisia ya gari hubadilika sana. Uwezo wake hubadilika kidogo au haubadiliki kabisa, isipokuwa pale ambapo modi hugusa gia zenyewe au idadi ya magurudumu yanayosukuma. Dereva mwema ni yule anayeisoma ardhi kwanza, kisha akachagua modi, kama msemaji mwema anavyomtazama msikilizaji kabla ya kufungua kinywa.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mzee wa mbuzi hakuwa amesoma kijitabu cha gari, lakini alijua kilichokuwa kikitendeka chini ya magurudumu kuliko sisi tuliosoma herufi tatu na kuridhika. Ni jukumu letu, tunaosomea Kiswahili, kushirikiana na mafundi na walimu wa shule za udereva ili maelezo ya mambo haya yaandikwe kwa lugha ambayo dereva wa Mashuuru anaifahamu. Siku atakapombeba tena mtoto mgonjwa topeni, saa nzima na robo isipotee kwa sababu ya neno.